Mtumbwi wa Candia

Aziz alipopiga simu kutoka Arusha kusema kwamba safari hii wanakuja kweli, yeye na mke wake na watoto, Aidah alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya samaki katika soko la Arua akifukuza nzi kwa kipande cha boksi. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho bila kumkatiza. Watakuja na gari lao wenyewe, mahema juu ya keria, wapitie Nairobi na Kampala. Watapiga kambi katika hifadhi ya Ajai, karibu na mto, watoto waone wanyama wa nyumbani kwa baba yao na si wa Serengeti peke yake. Kisha watazunguka masoko, waanze na Arua, waende kwenye mwalo, pale mtoni wavuvi wanaposhusha samaki, halafu Koboko, na mwisho wafike Lurujo kwenye makaburi ya wazazi. Na Aidah lazima aende nao. Bila yeye, alisema Aziz, safari haina maana.

Simu ilipokatika Aidah aliacha nzi watue juu ya samaki. Odile, Mkongomani aliyeuza vitenge kwenye meza ya jirani, alimuuliza kama kuna msiba. Aidah akasema hapana, ndugu yake anakuja. Kisha akatamka jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema, kwamba ndugu yake anataka kumpeleka mtoni.

Odile alielewa. Sehemu yote ile ya soko ingeelewa. Ilikuwa imepita miaka minne tangu Obitre, mume wa Aidah, auawe na kiboko kwenye mwalo wa samaki, na tangu siku hiyo Aidah hakuwa amekanyaga tena kando ya Nile. Zamani walikwenda wawili, alfajiri, kuchagua wenyewe samaki aina ya angara kabla wavuvi hawajawauzia watu wengine. Siku hizi mzigo uliletwa na gari, na yeye alikubali chochote kilichofika, kibichi au kilichovunda, kuliko kurudi kule.

Aziz hakuja kuzika. Ulikuwa msimu wa wageni, na kazi yake ilikuwa kutembeza watalii, hakuweza kuwaacha porini. Lakini alipiga simu. Jioni baada ya jioni alipiga, akauliza ilikuwaje, akataka arudie tena, Obitre alisimama wapi, alisema nini, nani alimjibu. Watu wengine wote walimwambia Aidah anyamaze, aache kulifikiria. Kaka zake Obitre kule Aroi walikunja uso kila alipofungua mdomo. Aziz peke yake ndiye aliyetaka kusikia, na Aidah akamwambia yote, hata yale ambayo hakuwaambia ndugu wa marehemu. Alilia kwenye simu, na upande wa pili akasikia pumzi ya mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni walipokuwa wakimbizi Kongo, na akajisemea kwamba huyu naye analia huko aliko.

Kwa hiyo aliposikia Ajai, aliposikia mto na mwalo, alidhani ameelewa. Mdogo wake alikuwa anakuja kulia naye pale pale. Alikuwa anaona aibu tu kulisema, ndiyo maana akalifunika kwa maneno ya wanyama na mahema. Aidah alimwachia Odile meza yake, akashonesha gauni, akampigia simu Sulaimani, mtoto wa baba yake mkubwa anayetunza boma la Lurujo, amwambie afagie makaburi na atafute mbuzi.

Walifika wakiwa wamejaa vumbi na furaha. Aziz alikuwa amenenepa. Alivaa shati lenye mifuko mingi na kofia pana, na akamkumbatia dada yake hata miguu yake ikaacha ardhi. Rejoice, mke wake, Mchaga wa Moshi, alimwita wifi na kumpa kanga mbili. Binti yao Daniella, aliyekuwa anaingia sekondari, alikuwa na simu mkononi na hakuishusha. Moris, wa miaka tisa, ndiye aliyemshika shangazi yake mkono pale pale na kukataa kuuachia.

Aliwatembeza sokoni siku nzima. Aliwaonyesha simsim iliyosagwa, na muhogo mkavu uliopangwa kama kuni, na akina mama wa Ariwara waliovuka mpaka kutoka Kongo na mafuta ya mawese. Watoto walipenda kila kitu. Zaidi ya vyote walipenda Kiswahili chake. Akisema "mutu moja", akisema "gari iko wapi", wanashikana mabega kwa kucheka na kumwomba arudie. Aidah hakukasirika. Ndicho Kiswahili ambacho marehemu baba yake, aliyekuwa askari, alikileta kutoka kambi za jeshi, ndicho walichokula nacho na kulala nacho nyumbani, na Aziz mwenyewe alikizungumza hivyo hivyo mpaka alipokwenda Tanzania na kujifunza kingine. Akarudia, watoto wakacheka, naye akacheka pia.

Kesho yake wakaenda Ajai.

Kambi ilikuwa mahali pazuri, hilo hawezi kulikataa hata sasa. Uwanda wa majani marefu ulishuka mpaka kwenye matete, na nyuma ya matete kulikuwa na maji. Swala wekundu walisimama mbali wakiwatazama, madume wakiinua pembe. Aziz aligeuka mtu mwingine pale. Alisimamisha mahema huku anazungumza, akawaonyesha watoto kinyesi cha nani ni kipi, alama ya kwato ya nani ni ipi, akajibu swali kabla halijaisha. Aidah alimtazama akaona fahari. Rejoice alimwuliza wifi yake kwa upole kama angeweza kumsaidia kuwasha moto, kisha kama angeweza kumsaidia kuosha mchele, kisha mwenyewe akaenda kujilaza. Basi Aidah akapika. Hakuona vibaya, alikuwa dada mkubwa, na mikono yake haikuzoea kukaa. Hema alilopewa lilikuwa lile la mizigo.

Alikuwa anasubiri. Kila Aziz alipomkaribia alidhani sasa atamwita kando. Kutoka kwenye maji sauti za viboko zilikuja moja moja, kama wazee wanaocheka jambo lao, na kila moja ilimfanya aache anachokifanya. Aziz hakumtazama hata mara moja ziliposikika.

Jua lilipoanza kupoa walishuka wote mpaka kwenye kilima kidogo ambako mto ulionekana. Viboko walikuwa kundi zima, wameweka vichwa vyao juu ya maji, masikio yakicheza. Aidah alishika kitambaa chake cha kichwani kwa mikono miwili. Alijilazimisha kutazama. Alikuwa anajiambia kwamba wakati umefika, Aziz atasema neno hapa, mbele ya watoto, na yeye atapumua.

Moris ndiye aliyesema.

"Baba, ndio hao wa hadithi ya Mzee Samaki?"

Aziz akasema ndiyo, ndio hao, lakini tunyamaze tuwasikilize. Moris hakunyamaza. Alimgeukia shangazi yake, macho yanang'aa, akamwuliza kama anaijua hadithi ya Mzee Samaki. Aidah akasema haijui. Aziz akasema siyo sasa, Moris. Alisema haraka, na kwa sauti ambayo Aidah hakuielewa. Rejoice, aliyekuwa ametandika mkeka, akacheka na kusema mwache mtoto amsimulie shangazi yake, hadithi yenyewe si ya huku kwao? Na akaongeza, kwa kumsifu mume wake, kwamba baba yao anaisimulia vizuri zaidi, wako wageni wanaorudi mwaka wa pili na kuiomba tena motoni.

Basi Moris akasimama mbele yao akaisimulia. Aliijua yote kwa moyo, pamoja na mikono na mwendo. Paliondokea Mzee Samaki, mtu mwenye huruma na mali za wenzake kuliko mali yake. Asubuhi moja yenye ukungu alikwenda mtoni na beseni kichwani kununua samaki. Moris akatembea na beseni lisilokuwepo, kiuno kikiyumba. Huko kwenye majani Mzee Samaki akaona kitu kirefu, cheusi, laini. Akasema, jamani, huyu rafiki yangu ameacha mtumbwi wake mbali na maji, jua litaupasua. Akaweka mkono mdomoni akaita.

"Candia! Mtumbwi yako iko hapa!"

Aliita kwa Kiswahili cha Arua, amekivuta na kukipinda, na Daniella akaanza kucheka kabla hajamaliza. Moris akainama, akageuza sauti ikawa nyembamba, ya mbali, ya mtu aliye kwenye maji ndani ya ukungu.

"Hapana! Yangu iko na mimi huku!"

Akanyamaza kidogo, kama alivyofundishwa, ili msikilizaji aelewe. Kisha mtumbwi ukasimama. Mtumbwi ukafungua mdomo. Mzee Samaki akatupa beseni, akakimbia, kiboko akamdaka suruali, suruali ikachomoka, naye akapanda mti uchi wa mnyama na kukaa humo mpaka mchana wanawake walipokuja sokoni na kumkuta. Na kiboko akarudi mtoni na suruali mdomoni kama mtu anayekwenda kufua.

Daniella alipiga makofi. Rejoice alifuta machozi ya kucheka. Moris alimtazama shangazi yake, akingoja.

Aidah alisema vizuri, mwanangu, umesimulia vizuri. Akasema anakwenda kutazama moto.

Mambo yenyewe, miaka minne nyuma, yalikuwa hivi. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha na asubuhi ukungu ukafunika mwalo. Obitre alitangulia na beseni. Aidah alikuwa amebaki nyuma kidogo, anaondoa tope kwenye ndara. Alimwona mume wake anasimama, akamsikia anamwita Candia, mvuvi waliyezoea kununua kwake, na akamsikia Candia anajibu kutoka majini. Obitre alicheka. Aligeuka kumtazama mke wake huku anacheka, kama mtu aliyejikuta amefanya ujinga na anataka mwenziwe auone. Hapo ndipo kile kitu kiliponyanyuka. Kilimshika kiunoni. Candia alikuja na kasia akipiga kelele, wavuvi wengine nyuma yake, wakamtoa, wakamlaza kwenye mtumbwi uleule uliokuwa salama, wakampeleka upande wa mwalo wenye barabara, naye akafa kabla gari halijapatikana. Ya suruali yalikuwa kweli. Ilichanika yote, na Aidah ndiye aliyemfunika kwa kitenge alichokuwa amejifunga, akabaki na gauni la ndani mbele ya watu wa mwalo. Hilo alimwambia Aziz peke yake, kwa aibu, kwenye simu.

Aziz alimfuata. Alimkuta anasugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. Alisimama, akavua kofia, na alipoanza kuzungumza kile Kiswahili cha Tanzania kilikuwa kimemtoka, akasema kama walivyosema wakiwa wadogo.

"Dada, watoto haijui. Mimi ilibadilisha sababu ya watoto."

Aidah aliendelea kusugua. Alimwuliza, bila kuinua kichwa, na wageni je, nao ni watoto? Aziz akasema hadithi kwa wageni ni kazi. Akasema hakutaja jina la Obitre hata siku moja. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba alipoanza kuisimulia alikuwa anaisimulia kama ilivyotokea, na watu wakanyamaza, moto ukafifia, wakaenda kulala. Siku nyingine akabadilisha mwisho, na watu wakacheka, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuirudisha. Kwake yeye, alisema, ilikuwa njia ya kumfanya Obitre akimbie. Kila usiku Obitre anapanda mti.

Pengine alikuwa anaamini. Aidah alimtazama usoni akaona kwamba pengine anaamini kweli, na hilo likamkera kuliko kama angekuwa anasema uongo.

"Ulikuwa unanipigia simu," akasema. "Kila siku unauliza, alisema nini, nani alijibu. Mimi ilifikiri unalia."

Aziz akaivaa kofia yake tena. Aidah akamwambia kwamba hataki ugomvi mbele ya mke wake na watoto. Alitaka jambo moja tu. Kesho wamepanga kwenda kwenye mwalo, na pale kuna Candia. Aziz awaambie watoto ukweli kabla hawajafika, awaambie kwa maneno yake mwenyewe, vyovyote atakavyoona. Kama hawezi, basi wasiende. Aziz akasema atawaambia asubuhi. Alimshika bega dada yake akaapa kwamba atawaambia.

Asubuhi aliwapeleka Daniella na Moris kutazama ndege. Walikaa huko muda mrefu, na Aidah, akikaanga mayai, alijua kwamba sasa ndipo wanapoambiwa. Waliporudi Moris alikuwa ametulia, akala bila maneno mengi. Aidah akaona kwamba ameelewa. Alimwongezea mkate. Alihisi kitu fulani kikilegea kifuani, na walipopanda gari kwenda mwaloni alikaa nyuma na watoto, amemweka Moris ubavuni.

Baadaye ndipo alipojua kwamba Moris alikuwa ametulia kwa sababu tumbo lilimsumbua. Aziz hakuwaambia neno. Aliwaonyesha ndege.

Soko la mwaloni lilikuwa limeshachangamka. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, wanawake wamepanga angara juu ya magunia, moshi wa tanuri za kukausha ukipita juu ya vichwa. Aidah alikanyaga mchanga, akaenda. Daniella alipiga picha. Rejoice alijifunga pua kwa mtandio. Aziz alitembea mbele, haraka haraka, anawaelekeza upande wa mbali, kwenye vibanda vya chai, na Aidah alipoiona ile haraka akaingiwa na shaka.

Candia alikuwa ameshamwona Aidah. Alikuja kutoka kwenye nyavu zake, mtu mrefu, mvi zimemjaa ghafla kichwani. Alifuta viganja kwenye nguo. Aliushika mkono wa Aidah kwa mikono yake yote miwili na kuinama, akabaki hivyo, na wanawake waliokuwa karibu wakaacha kupatana bei. Mmoja akaanza kuguna ule mguno wa msiba. Candia akasema, "Shemeji. Umekuja." Aidah akasema ndiyo, nimekuja. Akasema hawa ni watoto wa ndugu yangu. Kisha, kwa sababu ndiyo adabu, akamtaja mwenyeji kwa watoto. Akasema huyu ni mzee Candia.

Uso wa Moris uliwaka wote. Alimtazama baba yake, akamtazama yule mzee kutoka miguuni mpaka kichwani, hakuamini bahati yake.

"Candia wa kweli?"

Aziz alinyoosha mkono kumvuta, akachelewa. Mtoto alikuwa ameshapiga hatua mbele, ameshaweka kiganja mdomoni, na akaita kwa ile sauti iliyovutwa na kupindwa, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenziwe aliye kwenye maji.

"Candia! Mtumbwi yako iko hapa!"

Kisha akatulia, akitabasamu, akingoja ajibiwe.

Candia aligeuza kichwa kutazama maji. Mikono yake ilikuwa bado imeushika mkono wa Aidah. Wanawake wa angara walikuwa wamesimama wote. Mwalo mzima ulijua maneno yale; hayakuwahi kutamkwa pale tena, wala kwa mzaha wala kwa bahati mbaya. Candia alimtazama mtoto, si kwa hasira. Alimwuliza polepole nani amemfundisha. Moris, tabasamu likianza kumpotea, akamnyooshea kidole baba yake.

Candia alimtazama Aziz. Akamwuliza Aidah kama huyu ndiye ndugu yule ambaye hakuja kuzika. Aidah akasema ndiye. Candia akauachia mkono wake, akarudi kwenye nyavu zake, akakaa akiwapa mgongo.

Daniella ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa ameshusha simu. Alimtazama shangazi yake, kisha mto, kisha uwanja ule wa mchanga na majani mafupi uliokwenda mpaka mbali, na aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Shangazi, yule mzee alipanda mti?"

Aidah angeweza kumwachia baba yao. Alimtazama Aziz mara ya mwisho, akampa nafasi, na Aziz alikuwa ametazama viatu vyake.

"Angalia mwenyewe," akasema Aidah. "Hapa mti hakuna."

Akawaambia. Hakuwaambia yote, hakutaja kiuno wala suruali. Aliwaambia jina lake, kwamba alikuwa Obitre, kwamba alikuwa mume wake, kwamba alikuwa mtu mcheshi na angempenda sana Moris. Aliwaambia kwamba alikufa hapa, na maneno yale yalikuwa maneno yake ya mwisho. Moris alisikiliza mpaka mwisho mdomo wazi. Kisha akatapika, palepale, juu ya viatu vyake vipya, na akaanza kulia kwa namna ambayo Aidah hakuwahi kusikia mtoto analia, karibu bila sauti.

Rejoice alimnyanyua. Alipozungumza alimwambia Aidah, si mume wake. Alisema wifi, ungesubiri. Alisema watoto hawapaswi kuambiwa mambo kama haya, tena hadharani, mbele ya watu wasiowajua, na kwamba alichokuwa nacho moyoni na mdogo wake angekimaliza na mdogo wake. Sauti yake ilikuwa ya adabu mpaka mwisho. Aidah alitaka kusema kwamba alisubiri, kwamba alisubiri tangu Arua, tangu miaka minne iliyopita. Alimtazama Aziz, akitegemea walau hapo atasema kwamba dada yake alimwomba na yeye akaapa. Aziz alisema twendeni kwenye gari.

Mahema yalikunjwa mchana uleule. Hakuna aliyemwambia Aidah kwamba safari ya Koboko imefutwa. Aliligundua kwa kusikia Rejoice akimwuliza mume wake kama wanaweza kufika Pakwach, njiani kurudi Kampala, kabla ya giza. Walimshusha Arua, upande wa Mvara, kwa kuwa ndipo barabara ilipowafaa. Aziz alishuka kumtolea mfuko wake. Alisema wataongea. Alisema watoto wakitulia wataongea vizuri. Daniella alikuwa amefungua kioo na kutoa mkono, na Aidah akaushika, lakini gari lilikuwa limeshaanza kuondoka na ilibidi auachie. Moris alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani.

Lurujo walikuwa wanangoja. Simu ya Sulaimani haikupatikana, na mbuzi hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri. Kwa hiyo siku iliyofuata Aidah akaenda peke yake mpaka Koboko, na kutoka Koboko mpaka nyumbani. Njiani alifanya jambo alilokuwa amelifanya karibu kila siku kwa miaka minne, pale moyo unapokuwa mzito. Alimwita Obitre kichwani. Alimtafuta akiwa ametangulia na beseni ndani ya ukungu, akangoja amsikie. Yalikuwa maneno machache tu, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, sauti ya mtu ambaye hajanywa chai bado. Alingoja, na kilichokuja kilikuwa sauti ya mtoto, iliyovutwa na kupindwa, na nyuma yake vicheko. Alijaribu tena. Alijaribu mpaka akateremka garini, na baada ya hapo akaogopa kujaribu.

Boma lilikuwa limefagiwa. Makaburi yalikuwa yamepakwa chokaa mpya, na mke wa Sulaimani alikuwa ametandika mikeka ya wageni. Nyama ilikuwa motoni. Majirani watatu au wanne walikuwa wamekuja kumwona Aziz, mtoto wa afande, ambaye sasa alikuwa mtu mkubwa Tanzania. Wote walitazama nyuma yake, barabarani, kuona gari.

Aidah alivua viatu, akakaa. Aliwaambia kwamba Moris alishikwa na malaria ghafla, homa kali, na baba yake akaona wamuwahishe Kampala. Wakasema pole, pole sana, watoto wa mbali hawajazoea mbu wa huku. Sulaimani alisikitika, kisha akataka kujua safari yenyewe ilikuwaje, na kama Aziz bado ni yule yule mchekeshaji wa zamani.

Aidah akasema bado ni yule yule. Akawaambia juu ya mahema, na Rejoice aliyejifunga pua sokoni, na Moris aliyemng'ang'ania mkono siku nzima kwa sababu ya Kiswahili chake. Aliwaigiza watoto wanavyosema. Watu wa Lurujo walicheka sana, mke wa Sulaimani akaomba arudie pale pa mutu moja, naye akarudia. Kisha akapewa sahani, akala nyama ya mbuzi wa wageni, na Sulaimani akamsogezea vipande vizuri.